Kabla Hujakata Sakafu ya Escort Yako

Mdogo wangu wa Arusha, barua yako nimeisoma na picha zote nimezitazama, hata ile ya rimu tupu. Ford Escort ya mwaka 1973, umeachiwa na baba mdogo, bodi bado ngumu, injini inawaka bila kubembelezwa. Pembeni yake, juu ya matofali, imekaa nyuma nzima ya Toyota Altezza iliyogongwa uso: difu, mikono, shokapu, breki za diski, mpaka nyaya za hendibreki zinaning'inia. Fundi amekuambia wiki mbili kazi imekwisha. Unachotaka kwangu ni baraka.

Baraka bado. Tukae kwanza tuongee, halafu ukitaka kukata utakata. Gari ni lako na umri wa kukatazwa na dada umeshaupita. Wapo wengi wanaoniuliza jambo hilihili, kila mmoja na gari lake la kizamani, kila mmoja ameona video ya Mmarekani aliyeweka suspensheni huru ya kisasa nyuma ya gari la babu yake. Kwa hiyo nikikujibu wewe nimewajibu na wenzako, akiwemo yule binti wa Mombasa mwenye Peugeot. Naye nitamfikia.

Kuna swali hukulijibu kwenye barua: gari linakusumbua nini hasa? Umeandika mambo mawili kwa pumzi moja, kwamba linarukaruka nyuma kwenye barabara ya vumbi, na kwamba mkia unachomoka kwenye kona za lami. Hayo ni magonjwa mawili tofauti. Kurukaruka mara nyingi ni shokapu zilizokufa, au springi ambazo mtu aliziongezea bamba ili gari libebe mahindi, na bamba hilo halijawahi kutolewa. Mkia kuchomoka unaweza kuwa ni matairi yaliyokakamaa kwa uzee, au bushi zilizolika hadi ekseli inahama upande bila ruhusa yako.

Fanya hivi kesho asubuhi. Gari likiwa limesimama kwenye sakafu ya saruji, mwambie mwenzako aweke mikono kwenye kona ya nyuma ya bodi alisukume kwa upande, aachie, asukume tena. Wewe lala chini na tochi, utazame pale springi inapoingia kwenye bodi, mbele na nyuma. Ukiona chuma kinacheza ndani ya mpira, au mpira wenyewe umetoka nje kama ulimi, umeshapata nusu ya jibu. Kisha tazama yuboliti zinazoifunga ekseli kwenye springi. Kutu inayong'aa rangi ya chungwa pembeni ya nati maana yake kitu hapo kinasuguana. Vitu hivyo vinarekebishwa kwa spana na kwa fedha ambayo haifiki hata robo ya unayotaka kutumia.

Sasa tuje kwenye hayo mapenzi yako.

Escort yako imezaliwa na ekseli ya kipande kimoja. Difu iko katikati ya bomba la chuma, matairi yako ncha mbili za bomba hilo, chini yake kuna springi za mabamba, moja kila upande. Ni mzegazega: ukiinua ndoo ya kulia, ya kushoto lazima iitike. Tairi moja likipanda jiwe, la pili linainama. Halafu uzito wote wa difu, bomba na shafti unapanda na kushuka pamoja na matairi, kwa hiyo shokapu inatuliza mzigo mzito wa chuma, na ikichelewa kuutuliza, tairi linaachana na ardhi. Tairi lililo hewani halishiki kona wala halifungi breki.

Kwenye suspensheni huru, difu imefungwa kwenye bodi na imetulia. Kila tairi lina mikono yake, springi yake, na shafti fupi yenye jointi mbili zinazopinda huku zikizunguka. Tairi la kulia likipanda jiwe, la kushoto halina habari. Kinachopanda na kushuka ni habu, breki na sehemu tu ya uzito wa mikono. Ndiyo maana ukikaa kiti cha nyuma cha Altezza kwenye lami mbovu husikii yale unayoyasikia kwenye Escort. Hilo ni kweli na sitakudanganya kwamba si kweli.

Lakini usiniambie ekseli ya kipande kimoja ni takataka. Tazama nani alishinda Safari Rally enzi gari lako lilipokuwa jipya. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda kwa Datsun 1600 SSS, nyuma huru. Mwaka 1971 wakashinda tena kwa Datsun 240Z, nyuma huru. Mwaka 1972 wakaja Hannu Mikkola na Gunnar Palm kutoka ng'ambo, na Escort RS1600 yenye ekseli na springi za ukoo uleule wa zako, wakawa wageni wa kwanza kuondoka na ushindi. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na 240Z. Mwaka 1974 Joginder Singh na Mitsubishi Lancer, ekseli nzima. Mwaka 1975 Ove Andersson na Peugeot 504, nyuma huru. Joginder akarudi 1976 na Lancer, Björn Waldegård akashinda 1977 na Escort, Jean-Pierre Nicolas 1978 na Peugeot 504 ya injini ya V6. Halafu Mehta akazoa minne mfululizo, 1979 hadi 1982, kwa Datsun za jamii ya Violet zenye ekseli ya kipande kimoja. Barabara zilikuwa zilezile, matope yaleyale. Mafundi walioshinda walikuwa na springi sahihi, shokapu zilizo hai, na chuma kilichoongezwa mahali panapochanika.

Mimi naona hapo ndipo vijana wengi wanapopotelea. Mnaona neno "huru" mnadhani ni daraja la juu, na ekseli ni daraja la chini. Ziko nyuma huru mbaya kuliko ekseli yoyote. Volkswagen Beetle za zamani zilikuwa na nyuma huru, lakini shafti zilipinda upande wa difu tu, sio upande wa tairi. Ukiingia kona kwa kasi na nyuma ikainuka, tairi la nje lilijikunja kuelekea chini ya gari. Chevrolet Corvair ya mwaka 1960 ilikuwa na mpango unaofanana, na Ralph Nader aliianza nayo sura ya kwanza ya kitabu chake maarufu cha 1965 kuhusu usalama wa magari. Uzuri wa suspensheni huru uko kwenye vipimo vya mikono yake: urefu, pembe, na mahali ilipofungwa. Ukivihamisha vipimo hivyo kwa macho, umenunua jina tu.

Waliofanikiwa kuhamisha walifanikiwa kwa sababu moja. Jaguar walipotoa E-Type mwaka 1961, nyuma yake yote ilikuwa ndani ya fremu moja ya chuma: difu, breki za diski zilizobanwa ubavuni mwa difu, springi na shokapu nne, mikono ya chini, na shafti zenyewe zikifanya kazi ya mkono wa juu. Fremu hiyo inafungwa kwenye bodi kwa vikalio vya mpira. Ndiyo maana Wamarekani wanaojenga magari ya kizamani walizifuata nyuma za Jaguar kwa miongo mingi, hasa za XJ6 zilizokuja kuanzia 1968: unaitoa nzima, unaipeleka nzima, vipimo vimekuja navyo. (Zina adha yake. Diski ziko ndani kabisa, joto lake linapika sili za difu, na kubadilisha pedi ni adhabu.)

Ford nao wana somo. Mustang ya kwanza, ya miaka ya 60, iliuzwa na ekseli ya kipande kimoja ingawa wahandisi wake walishajaribu nyuma huru. Ilipofika Mustang Cobra ya 1999 ndipo ikauzwa na nyuma huru, na ile ilibuniwa ishike matundu yaleyale ya boliti yaliyokuwa ya ekseli. Mustang zote kuwa nyuma huru ilisubiri hadi toleo la 2015. Tazama walivyofikiri: kiwanda chenye kompyuta na mamilioni ya dola kilitafuta kwanza namna ya kutokata. Wewe na fundi wako mmeanza na grainda.

Haya, tupime. Chukua futikamba, sio macho.

Altezza ina upana wa bodi wa milimita 1,720. Escort yako ni 1,570. Ukipima katikati ya tairi la kulia hadi katikati ya la kushoto, Altezza nyuma inakaribia mita 1.5, Escort ni takribani mita 1.3. Yaani kila upande tairi litatoka nje karibu sentimita 10. Hapo una njia tatu, na zote zina gharama. Ya kwanza ni kupanua matao ya bodi kama magari ya rali. Wapo wanaoyapenda, mimi kwenye Escort nayapenda pia, lakini basi na mbele upanue, la sivyo gari litaonekana limevaa suruali ya mtu mwingine. Ya pili ni rimu zenye kitovu kilichosogea nje sana ili tairi liingie ndani, ambazo zitakuokolea sentimita chache na kukuachia deni. Ya tatu ndiyo ile fundi wako aliyokuambia: kukata krosimemba katikati, kuipunguza, na kufupisha shafti.

Kwenye hiyo ya tatu naomba unisikilize vizuri. Krosimemba kukatwa na kuchomelewa, fundi mzuri mwenye meza ya kupimia anaweza. Shafti haichomelewi. Shafti ya tairi imechongwa na kupikwa kwa joto ili ngozi yake iwe ngumu na kiini chake kiwe na uvumilivu. Ukiikata na kuichomelea umeua ugumu huo pale pale kwenye mshono, na itakatika siku umeondoka kwa nguvu kwenye taa au unapanda mlima na familia. Shafti fupi inatengenezwa upya kwenye karakana yenye mashine ya kuchonga meno na tanuri la kuipika, au inatafutwa iliyo fupi tayari kwenye gari jingine lenye meno sawa. Fundi akikuambia "nitaichomelea vizuri dada yako hatajua", nitajua.

Kuna na boliti. Rimu za Escort zina matundu manne kwenye duara la milimita 108. Za Altezza zina matano kwenye milimita 114.3. Maana yake mbele utakuwa na rimu za aina moja na nyuma za aina nyingine, na spea tairi yako itafaa upande mmoja tu wa gari. Ukipata pancha usiku njia ya Minjingu utanikumbuka. Kwa hiyo mradi wa nyuma umekuwa mradi wa mbele pia: habu, na pengine breki.

Na kwa breki sifanyi utani. Escort za kawaida nyingi zilitoka na breki za ngoma nyuma, na mbele ama ngoma ama diski ndogo. Ukiweka diski kubwa za Altezza nyuma bila kugusa mbele, siku ya breki ya ghafla matairi ya nyuma yatafunga kabla ya ya mbele, na gari litageuka litazame lilikotoka. Kila gari hufungwa breki nyingi mbele na kidogo nyuma kwa sababu uzito wote unakimbilia mbele. Utahitaji breki za mbele zinazolingana, masta silinda inayotosha kusukuma mafuta yote hayo, na valvu ya kupunguza nguvu ya nyuma, ambayo inarekebishwa uwanjani, mahali patupu, kabla ya kwenda mjini. Hendibreki ya Altezza ni ngoma ndogo iliyofichwa ndani ya diski. Nyaya zake ziunganishwe na mkono wa Escort, na zijaribiwe kwenye mlima halisi.

Uzito sasa, kitu ambacho sijaona mtu akikiuliza. Escort yako haifiki kilo 900. Altezza ni kilo 1,300 na ushee. Zile springi na shokapu unazozitamani zilichaguliwa kubeba gari zito kuliko lako kwa zaidi ya theluthi moja. Ukizifunga kama zilivyo, springi hazitashuka vya kutosha, nyuma itasimama juu kama ya pikipiki ya mashindano, na gari litarukaruka kuliko sasa. Yaani utatumia akiba yako yote kuununua upya ule ugonjwa uliokufanya uniandikie. Peleka gari kwenye mizani, upande wa nyuma peke yake, likiwa na tangi limejaa na watu wawili ndani. Kwa namba hiyo ndipo utafute springi.

Ukiwa bado hujakata tamaa, basi tuzungumze kazi yenyewe, maana wengine mna gari linalofaa. Mtu mwenye Toyota Crown ya kizamani yenye upana wa kueleweka yuko kwenye nafasi nzuri kuliko wewe. Sheria ni ileile: chukua krosimemba nzima kutoka gari moja, na mikono yake, habu zake, difu yake, boliti zake na vikalio vyake vya mpira. Usiokoteze mkono wa Gerezani, habu ya Kirinyaga Road na difu uliyopewa na shemeji. Na kabla haijang'olewa kwenye gari ilikotoka, likiwa bado limesimama kwa matairi yake, pima na uandike: kutoka katikati ya habu hadi ardhini, pembe ya mikono ya chini, pembe ya pua ya difu, umbali wa kila boliti ya krosimemba kutoka kwenye mstari wa habu. Gari likishakatwa vipande, taarifa hizo zimekwenda na chuma chakavu.

Bodi ya Altezza ina reli nene zilizojengwa kupokea krosimemba. Sakafu ya nyuma ya Escort ni bati lililozoea kusukumwa hasa kwenye sehemu nne, zile za springi. Ukiichomelea krosimemba kwenye bati hilo, litapasuka polepole, na utaanza kusikia mlango wa nyuma wa buti haufungi vizuri. Zinahitajika reli mpya za bomba la mraba, zikimbie kutoka kwenye kizingiti cha mlango hadi nyuma, na minara ya shokapu ikingwe kwa chuma kinachovuka buti. Tangi la mafuta litoke nje ya gari, sio kufunikwa na gunia lililolowa. Tangi lisilo na mafuta lina mvuke, na mvuke ndio unaolipuka. Betri nayo ichomolewe.

Kazi ikianza, fundi ashike kwa nukta kwanza, asichomelee moja kwa moja. Mpime urefu kutoka tairi la mbele hadi la nyuma, kulia na kushoto; Escort ni milimita 2,400 pande zote mbili. Mpime na mishazari. Mfunge matairi, mlishushe chini, mtazame kama mkono wa chini umelala kama ulivyolala kwenye gari lake la kwanza. Ndipo achomelee, kidogo huku kidogo kule, ili joto lisivute bodi.

Propela usiiache mwisho. Difu sasa haichezi tena, kwa hiyo pua yake na mkia wa giaboksi vinatakiwa viwe sambamba, na propela ipinde kidogo tu kwenye kila jointi, nyuzi moja hadi tatu hivi. Ikiwa pembe hazilingani, utapata mtetemo ambao hakuna balansi ya matairi itakayouondoa. Propela iliyofupishwa ipite kwenye mashine ya kubalansi.

Uwiano wa difu unaupata bure. Inua tairi moja la nyuma, lile jingine libaki chini limezuiwa, gia iwe huru. Weka alama ya chaki kwenye propela. Zungusha tairi lililo juu mara mbili kamili, uhesabu propela imezunguka mara ngapi. Ikiwa ni nne na kidogo, difu yako ni nne na kidogo kwa moja. Difu ile inayozuia tairi moja kuzunguka bure haitakubali mchezo huu. Hiyo inua matairi yote mawili, uyazungushe mara moja. Linganisha na difu yako ya zamani na ukubwa wa matairi mapya, usije ukawa na gari linalopiga kelele gia ya nne kwa kilomita 80 kwa saa.

Jambo dogo linaloharibu kazi kubwa: boliti za bushi. Mafundi wetu wengi wanazikaza gari likiwa limening'inia kwenye jeki, mikono imeshuka chini kabisa. Gari likishushwa, mpira wote unabaki umejikunja, unavuta saa ishirini na nne, na baada ya miezi michache umechanika. Zishikize tu kwa mkono, shusha gari likae kwa uzito wake, ndipo ukaze. Hili litakusaidia hata kama hutabadilisha chochote.

Mwisho nenda kwa mtu wa alaimenti mwenye mashine ya matairi manne. Wengi mjini wanapima mbele tu, na gari lenye nyuma huru lina vipimo vya nyuma pia: tairi limeinama kiasi gani, na linatazama wapi. Kisha uzoee kuchungulia mipira inayofunika jointi za shafti. Kwenye vumbi letu, mpira uliopasuka leo ni jointi iliyokufa mwezi ujao. Ekseli yako ya zamani haina mpira huo wala jointi hiyo.

Binti wa Mombasa, nimekuchelewesha, samahani. Peugeot 504 yako kama ni salun ya aina ya kawaida, pinda mgongo utazame chini: difu imefungwa juu na shafti mbili zinatoka pembeni, springi za koili. Hiyo ni nyuma huru, Wafaransa walishakuwekea tangu 1968. Wenye steshenwagoni na pikapu walipewa ekseli ya kipande kimoja, kwa sababu ya mizigo. Usimruhusu mtu akuuzie kitu unacho. Kama matairi ya nyuma yanalika upande wa ndani, gari limezidiwa mzigo au springi zimechoka, nyuma imeshuka na matairi yameinamia ndani. Badilisha springi, bushi za mikono na shokapu, na uache kubeba saruji. Mwenye Datsun 1600 salun, maneno yako ni hayohayo, na una bahati ya ziada: difu yake ya R160 ni ya ukoo mmoja na ya Subaru Impreza nyingi zilizojaa mjini, kwa hiyo spea na difu bora zaidi ziko karibu.

Na wote, kabla ya kukata: nendeni kwa watu wa ukaguzi wa magari mkaulize wanataka nini kwa gari lililobadilishwa muundo, na mwambieni wakala wa bima kwa maandishi. Namba ya chasi isiguswe na grainda kwa sababu yoyote ile. Anayetaka kuingia mashindano ya magari ya kizamani asome kanuni zao kwanza, maana nyingi zinataka muundo wa nyuma ubaki ulivyotoka kiwandani.

Kwako wewe wa Arusha, uamuzi wangu ni huu. Escort acha na ekseli yake. Weka springi mpya zisizo na bamba la mahindi, bushi mpya, shokapu nzuri zinazolingana na uzito wa gari, na fito mbili za kuizuia ekseli isijipinde unapoondoka kwa nguvu. Ukitaka zaidi, fundi akufungie mikono minne na springi za koili juu ya ekseli hiyohiyo, na ufito mmoja wa kuizuia isihame upande. Ndio mwendo wa baadhi ya magari ya rali ya aina ya lako. Nyuma ya Altezza iuze nzima kwa mtu mwenye Altezza, wapo wengi hapo mjini na watakulipa vizuri kuliko unavyodhani.

Na kama moyo bado umekataa, niandikie tena. Usinitumie picha ya rimu. Nitumie uzito wa nyuma ya gari kwenye mizani, upana kutoka uso wa habu hadi uso wa habu kwa Escort na kwa Altezza, na jina la karakana itakayotengeneza shafti. Nikiviona hivyo vitatu, nitakusaidia kuchora reli.